Bawaba za usukani za stenlesi zinatoka na nyufa na vidoti baada ya kufuliwa: kosa la chuma, la moto au la mkono?

#1 Fuawe_Saateni
Assalaam aleikum wakuu.

Zimefuliwa bawaba 12 za usukani kwa ajili ya mashua za Nungwi. Chuma ni raundi baa ya milimita 25, imeuzwa kwa jina la 316, daraja la stenlesi la kazi za baharini. Tanuu ni ya makaa ya vifuu, feni inapuliza kutoka chini. Kila kipande hupigwa bapa kwa nyundo ya umeme mpaka unene wa milimita 10, kisha hukunjwa kwenye pini ya milimita 20 kutoa jicho.

Bawaba 7 zina kasoro. Nne zina nyufa fupi za kukata, milimita 3 mpaka 8, mgongoni mwa jicho. Tatu zina mstari mmoja mrefu mfano wa unywele, ukiupitisha ukucha unakwama. Halafu zote 12, pamoja na zile tano zilizotoka safi, zilipowekwa uwanjani upande wa pwani zilitoa vidoti vya kahawia ndani ya siku 9, kama uso wenye chunusi.

Dai langu: chuma ni feki. Sumaku inashika kidogo pale kwenye kunjo, na 316 haishiki sumaku. Mwenye hoja nyengine aseme.

#2 Mkokotoni17
Waaleikum salaam. Picha ziko wapi? Na chuma kilikuwa na rangi gani ulipowacha kupiga? Hilo la pili ndilo kubwa.

#3 Bi_Keekee
Sumaku muiwache jamani, imeshatia watu hasara nyingi. Madaraja ya stenlesi 304 na 316 hayashiki yakiwa yametoka kwenye moto na kupozwa sawasawa. Ukizikunja au kuzipiga zikiwa zimepoa, umbile la ndani hubadilika kidogo na sumaku inaanza kuvuta. 304 huvuta zaidi, 316 kidogo tu. Na 201, ambayo ndiyo hasa inayopachikwa majina ya wenzake, nayo haishiki sumaku ikiwa imepozwa sawasawa, kwa sababu manganizi imeingia mahali pa nikeli.

Kwa hiyo sumaku yako haikukwambia kuwa chuma ni feki. Pengine imekwambia tu kwamba pale kwenye kunjo ulipiga chuma kilichopoa. Soma tena #2.

#4 MvukutoWaZamani
Bi Keekee kamaliza. Nyufa za kukata mgongoni mwa kunjo ni za baridi, basi. 316 inaanza kufuliwa kwenye joto la kama nyuzi za Selsiasi 1150 mpaka 1250, na ikishuka chini ya 930 hivi unairudisha kwenye moto. Haijadiliwi.

Tatizo la mafundi wetu ni kuwa mkono umezoea chuma cha kawaida. Chuma cha nondo hata kikiwa chekundu kinatii. Stenlesi kwenye joto lile lile inataka nguvu kubwa zaidi, na dirisha lake la kufulia ni jembamba. Unaona bado inawaka, unaongeza mapigo matatu ya mwisho "kunyoosha". Mapigo matatu hayo ndiyo yanayofungua ufa.

Rangi, kwa kuangalia kivulini, si juani:
1200: njano ya ndizi mbivu.
1050: embe lililoiva ukilikata.
950: chungwa. Hapa rudisha.
800: tungule. Hapa umeshachelewa.

#5 Karafuu_Chake
#4 chungwa la wapi yakhe? La Unguja linaiva likiwa kijani.

#6 MvukutoWaZamani
😂 Chungwa la kwenye boksi la juisi. Wapemba hamkosi la kusema.

#7 Dau_la_Mnyonge
Nampinga #4. Nipigieni hesabu. Unene milimita 10, pini milimita 20, kwa hivyo nusu kipenyo cha ndani ni 10, cha katikati ya unene 15, cha mgongoni 20. Mgongo umevutika kutoka 15 kwenda 20, yaani asilimia 33. Baa ya 316 iliyopoozwa vizuri kiwandani inatakiwa ivutike asilimia 40 kabla ya kukatika, tena ikiwa BARIDI kabisa. Sasa itapasukaje kwa asilimia 33 ikiwa nyekundu?

Kwa hivyo ubaridi peke yake haueleweki. Lazima uso wa chuma ulikuwa umeshaharibika kabla ya kukunjwa. Mimi naona ni kuungua. Tanuu ya makaa yenye feni ina sehemu moja, karibu na mdomo wa upepo, ambako joto linapita 1300 bila ya wewe kujua. Stenlesi inapitisha joto polepole, kama theluthi ya chuma cha kawaida (16 kwa 50), kwa hivyo ngozi inaiva sana wakati moyo bado mbichi. Ikipita 1260, ndani yake inaongezeka feraiti, chembe za umbile tofauti na jirani zake. Ukipiga, mbili hizi hazivutiki kwa kasi moja, zinaachana mipakani. Nyufa za namna hii ni fupi, nyingi, za kukata. Hizo hizo za #1.

#8 Mkokotoni17
Hesabu ya #7 ni nzuri lakini umeruka hatua. Asilimia 40 ni ya baa iliyotoka kiwandani. Hii ilishapigwa kutoka 25 mpaka 10 kwanza. Kama mapigo ya mwisho ya kubapa yalikuwa kwenye tungule, chuma hakikupata joto la kujirudi, kimebaki kigumu, na akiba ya kuvutika imeliwa. Kisha ndipo kikapelekwa kwenye pini. Mkopo juu ya mkopo.

Tena angalia kingo. Raundi ukiipiga bapa, pembeni kunatuna kama mkate wa kumimina na ile tumbo ya pembeni ndiyo inayovutwa zaidi. Nyufa zinaanzia ukingoni au katikati ya mgongo? Jibu hilo litatenganisha #4 na #7.

#9 Fuawe_Saateni
Shukran. Najibu kwa mfululizo.
Rangi ya mwisho: tungule, nakubali. Kwenye kunjo pengine komamanga, nyekundu ya giza zaidi.
Nyufa: tatu zinaanzia ukingoni, moja iko katikati ya mgongo.
Moto: kipande hukaa dakika 6 au 7, feni wazi kabisa.
Kupoza: ndoo ya maji ya bahari.
Brashi: ile ile ya waya inayosafishia majembe.

#10 Bi_Keekee
Maji ya bahari. Brashi ya majembe. Subhanallah, halafu chuma ndiyo feki.

#11 Tupa_na_Msasa
Vidoti basi vimeshapata mwenyewe. Waya wa brashi ya chuma cha kawaida unaacha chembe kwenye uso wa stenlesi, na nyundo na fuawe yenye kutu zinazikandamiza ndani chuma kikiwa laini. Chembe hizo ndizo zinazoota kutu, siyo stenlesi yenyewe, ingawa ukiziwacha zinachimba chini yake.

Kupima ni rahisi. Chukua mrututu ule wa dawa ya mimea, gramu 4, kwenye maji yaliyotoneshwa mililita 250, pamoja na mililita 1 ya asidi ya betri iliyo kali (asidi ndani ya maji, kamwe usigeuze). Safisha mafuta, pakaza, weka mahali pawe majimaji kwa dakika 6, suuza. Palipo na chembe za chuma patageuka rangi ya shaba. Pasafi hapageuki. Usipimie sufuria wala kitu cha chakula, na usipimie 410 au 420 kwa sababu zenyewe zina kromi kidogo (madini inayoizuia stenlesi isishike kutu) na zitakudanganya.

Asiyetaka mrututu: nyunyiza maji ya mvua, wacha ikauke, rudia siku nzima. Kutu itajionesha.

#12 Shungi_la_Wete
Naongeza kwa #11: asidi ya betri ile ya dukani si kali kama anayoisema, imeshachanganywa na maji, zaidi ya nusu ni maji. Tia mililita 3 badala ya 1, kipimo kinafanya kazi.

Lakini sikubali kwamba vidoti vyote ni vya brashi. Kuna magamba. Stenlesi ikitoka kwenye moto wa 1200 inavaa gamba jeusi, jembamba, linalong'ang'ania, siyo lile la nondo linalobanduka lenyewe ukigonga. Gamba hilo limejengwa kwa kromi iliyotoka kwenye ngozi ya chuma. Kwa hivyo chini yake panabaki utando uliopungukiwa na kromi. Kwa jina ni 316, kwa ngozi ni kitu dhaifu. Ukisugua gamba tu mpaka kung'ae, utando ule uko pale pale, na hewa ya chumvi ya pwani inauona kabla yako.

Tena gamba likikanyagwa na nyundo linaingia ndani na kuacha vishimo. Vishimo vinaweka chumvi. Pana uhusiano hapo na "chunusi" za #1.

#13 Fuawe_Saateni
Sasa gamba linatolewaje kama brashi haitoshi?

#14 Shungi_la_Wete
Njia mbili. Kusaga, au asidi.

Kusaga: diski iliyoandikwa kuwa ni ya stenlesi, ambayo haijawahi kugusa nondo. Ondoa ngozi yote mpaka rangi ya chini iwe moja, kisha shuka kwa msasa: 80, 120, 240. Usiishie 80. Uso wenye mikwaruzo mirefu unashika chumvi, na karibu na bahari hugeuka rangi ya chai hata 316 ya kweli. Usikandamize diski mpaka chuma kiwe cha buluu, kwani rangi ya buluu ni gamba jipya.

Asidi: mchanganyiko wa nitriki na hidrofloriki ndio unaokula gamba na utando dhaifu pamoja. Huo siuelekezi hapa. Hidrofloriki inapita ngozini bila ya maumivu makali mwanzoni na inakwenda kukamata kalisi ya mwili, mpaka mifupa. Asiye na glavu za kufaa, ngao ya uso, jeli ya kalisi glukoneti mkononi na daktari anayeijua, asiiguse. Karakana ya uwani siyo mahali pake.

Baada ya kusaga ndiyo unga wa ndimu unakuja. Asidi ya sitriki, gramu 40 mpaka 100 kwa lita ya maji. Maji ya kawaida yetu, kama 30, dakika 20 au zaidi. Maji ya 55, dakika 10. Suuza kwa maji baridi, mengi, na yasiwe ya kisima chenye magadi. Unga wa ndimu unaondoa chembe za chuma za kigeni, HAUONDOI gamba. Watu wanatumbukiza kipande cheusi kwenye ndoo wanangoja miujiza.

#15 Karafuu_Chake
Unga wa ndimu? Urojo utapanda bei mwaka huu.

#16 Dau_la_Mnyonge
Kabla hamjaenda mbali na jikoni, moto wenyewe je? Makaa ya vifuu. Salfa haina shida, makaa ya mti na ya kifuu yana salfa ndogo. Lakini majivu ya kifuu yana potasiamu nyingi, na mnazi wa pwani unabeba na kloridi. Chumvi za namna hiyo zikigusa uso wa moto zinaharibu utando wa kromi unaokinga, gamba linakua nene na lenye vitundu. Kipande kilichozikwa ndani ya makaa kinatoka na madoa kuliko kilichowekwa juu.

Na kaboni. Makaa yakigusa stenlesi ya moto kwenye moto wenye hewa haba, kaboni inaingia ngozini na kuikamata kromi. Ngozi inakuwa ngumu, yenye kukatika, tena inashika kutu. Hapo unapata nyufa na vidoti kwa sababu moja.

#17 MvukutoWaZamani
#16 feni alikuwa ameifungua yote. Moto huo una hewa tele, haulambi kaboni. Chagua moja: aidha feni imeunguza (#7), au hewa ilikuwa haba (#16). Huwezi kuvaa kanzu mbili.

#18 Dau_la_Mnyonge
Naweza, na kanzu zote mbili zinanitosha. Tanuu moja ina mioto miwili. Karibu na mdomo wa feni hewa ni nyingi, ukipanda juu oksijeni imeshaliwa na ni moshi wa kaboni mtupu. Kipande chenye urefu wa sentimita 20 kinaota pande zote mbili.

#19 MvukutoWaZamani
Haya, hiyo nimekupa.

#20 Mkokotoni17
Wanaotumia oili chafu ya injini kwenye tanuu nao wasidhani wamesalimika. Oili hiyo ina salfa na zinki kutoka kwenye dawa zake. Salfa na nikeli vikikutana vinatengeneza kitu kinachoyeyuka kwenye 640 hivi, wakati wewe unafulia 1100. Mipaka ya chembe inakuwa uji. Ufa wake unafanana na mtandao, kama tope la chumvi lililokauka. Na zinki, hata ile ya koleo lililotengenezwa kwa bomba la maji lenye kupakwa zinki, ikiyeyukia juu ya stenlesi ya moto inapenya mipakani na kuipasua bila ya kupigwa kwa nguvu. Hii haihusu #1, lakini yupo atakayesoma.

#21 Tupa_na_Msasa
Mnasahau ile mistari mirefu mitatu. Hakuna aliyeieleza.

#22 Bi_Keekee
Mistari ina wazazi wawili.

Mmoja ni kunjo la nyundo. Ukipiga pigo la kina kwa nyundo yenye kona kali, unaacha ngazi. Pigo linalofuata linailaza ile ngazi juu ya jirani yake, na kwa kuwa katikati kuna gamba, haziungani kamwe, hata uzipige mpaka Idi. Kinga yake: kona za nyundo na za fuawe ziviringwe kwa milimita 3 au zaidi, pigo lisizame zaidi ya lilivyo pana, na ngazi ikionekana isimamishwe kazi, isagwe ikiwa ya baridi, ndipo urudi motoni. Kadhalika unapokusanya chuma kwa kukipiga kichwani: urefu ulio wazi ukipita mara tatu ya kipenyo kinapinda na kujikunja.

Mzazi wa pili ni kiwanda. Baa inaweza kuja na mshono wake, mstari uliotokana na kasoro ya ingoti (lile bonge la kwanza la chuma) au ya rola, umevutwa kwa urefu wote. Hapo mhunzi hana dhambi.

Kutenganisha: angalia mkia wa kipande, ule usiopigwa. Kama mstari unaendelea mpaka mkiani, tena umenyooka kama uzi, ni wa kiwanda. Kama unaanza na kuishia ndani ya sehemu iliyopigwa, na unapindapinda, ni wa mkono. Uhakika zaidi: kata kwa msumeno kupita juu ya mstari, sugua mpaka msasa wa 400, tazama kwa kioo cha kukuzia. Mshono unaingia wima kuelekea moyo wa baa. Kunjo linaingia kwa kulala, kama jani lililobandikwa.

#23 Tupa_na_Msasa
Ongeza rangi ya ndani. Ufa ukiupasua wazi na ndani mkawa mweusi, ulikuwepo kabla ya moto wa mwisho. Ukiwa unang'aa, umefunguka mwishoni au baadaye. Hii ingemaliza ugomvi wa #4 na #7 nusu yake.

#24 Fuawe_Saateni
Nimetazama. Mistari mitatu: miwili inafika mkiani, mmoja hauendi. Nyufa, mbili zimepasuliwa: moja nyeusi ndani, moja nusu nyeusi nusu inang'aa.

#25 Karafuu_Chake
Basi mmeshinda wote. Kila mtu aende nyumbani na kipande chake.

#26 MvukutoWaZamani
Nusu nyeusi nusu inang'aa maana yake ulianza kwenye moto na ukaendelea kwenye ubaridi. Bado ni ubaridi uliouzalisha.

#27 Dau_la_Mnyonge
Maana yake uliunguzwa kwanza, ubaridi ulikuta mlango uko wazi.

#28 Shamba_la_Kizimbani
Samahani mgeni naingia. Huyo muuzaji wa 316 mbona amesamehewa mapema? Pana 303. Inafanana na 304 kwa macho lakini imetiwa salfa makusudi, asilimia 0.15 au zaidi, ili ichongeke kirahisi kwenye mashine ya mzungusho. 316 hairuhusiwi zaidi ya 0.03. Raundi baa nyingi zinazozunguka ni za kuchongea shafti na nati, kwa hivyo 303 inapatikana khasa kwenye umbo la raundi. Kuifua ni balaa: vijiuzi vya salfaidi vinalala kwa urefu wa baa, na ukiikunja au kuipiga bapa vinafunguka. Hiyo inaeleza mistari NA nyufa. Na kwenye chumvi vijiuzi hivyo ndivyo vinavyoanza kutoboka, kwa hivyo inaeleza na vidoti. Sababu moja, kasoro tatu.

#29 Bi_Keekee
Hoja safi, mgeni karibu. Kipimo chake hakigharimu: toboa mkia wa baa kwa keekee. 316 inatoa utepe mrefu unaojisokota na kukata vidole. 303 inatoa vipande vifupi kama chenga za mchele.

#30 Fuawe_Saateni
Imetobolewa sasa hivi. Utepe mrefu. Umefika kiwikoni.

#31 Shamba_la_Kizimbani
Basi si 303. Lakini utepe haukwambii kama ni 316, 304 au 201. Molibdeni, madini iliyotiwa kwenye 316 na siyo kwenye hizo mbili, ndiyo inayotenganisha, na kuna dawa ya matone ya kuipima, betri ndogo na karatasi, rangi ikibadilika ndiyo 316. Usifunge bawaba chini ya maji mpaka ujue. 304 chini ya maji ya chumvi, hasa kwenye mbao iliyolowana ambako hewa haifiki, inaliwa kimya kimya. Hata 316 pale kwenye mbao siiamini sana.

#32 Mkokotoni17
Turudi kwenye ndoo ya #9. Wapo watakaosema maji ya bahari yamepasua. Siyo. 316 haiwi ngumu kwa kuzamishwa, na kuipoza haraka ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ikikaa muda mrefu kati ya 870 na 425 kaboni inajikusanya mipakani na kula kromi. Ingekuwa 420 ndiyo ingepasuka kwenye ndoo. Ubaya wa ndoo ni mwengine: maji ya bahari yana kloridi kama gramu 19 kwa lita, yanakauka ndani ya vishimo vya gamba na kubaki humo. Tumia maji matamu.

Ila pia usitegemee kuwa kuzamisha kutoka kwenye tungule ni tiba. Tiba ni kukipasha tena kipande kilichomalizika mpaka 1040 na zaidi, moto ufike moyoni, halafu ndoo. Kwa unene wa milimita 10, dakika kama 10 baada ya rangi kuwa moja ndani na nje. Hiyo inafuta ugumu, inafuta na sumaku.

#33 Tupa_na_Msasa
Kwa nyufa zisizoonekana, rangi ya kupenya, makopo matatu. Wale wa kupima kwa unga wa sumaku wasijisumbue, 316 haishiki. Safisha, pulizia nyekundu, wacha dakika 10 mpaka 20, futa kwa kitambaa kilicholowanishwa dawa ya kusafishia (usiipulizie moja kwa moja, utaiosha rangi iliyomo ndani ya ufa), pulizia nyeupe, soma baada ya dakika 10. Kivulini! Chuma kilichokaa jua la saa saba mchana kinapita 50 na rangi inakaukia humo humo.

#34 Fuawe_Saateni
Wakuu, majaribio ya wiki nzima. Baa ile ile, vipande vinne, vyote vimepigwa bapa na kukunjwa vile vile. Moto feni nusu, dakika 15, kipande mbali na mdomo.

A: kimeachwa kwenye chungwa (la juisi) kila mara. Hakuna ufa.
B: kimemaliziwa kwenye tungule. Ufa mmoja, milimita 2, ukingoni.
C: kama A, lakini feni wazi kabisa na karibu na mdomo. Nyufa tatu, katikati ya mgongo, ndani nyeusi.
D: kama A, kingo zimesagwa mviringo kabla ya kukunja. Hakuna ufa, lakini mstari upo, mpaka mkiani.

Mrututu: B na C, zilizopigwa brashi ya zamani, zimegeuka shaba. A na D, zilizosagwa kwa diski mpya na kulazwa kwenye unga wa ndimu dakika 30, hazikugeuka. Zote nne zimewekwa pwani. Siku ya 6, B na C zina vidoti. D haina. A inavyo vitatu.

#35 MvukutoWaZamani
B ni yangu.

#36 Dau_la_Mnyonge
C ni yangu, na ina nyufa tatu kwa yako moja.

#37 Shungi_la_Wete
A ilisagwa mpaka namba ngapi?

#38 Fuawe_Saateni
A 80. D 240.

#39 Shungi_la_Wete
Umeona.

#40 Shamba_la_Kizimbani
Au A haina molibdeni ya kutosha na D imebahatika. Siku 6 ni chache. Mkia wa baa bado upo?

#41 Fuawe_Saateni
Upo, sentimita 15, na mstari wake.

#42 Shungi_la_Wete
Ulete Pemba. Matone ya molibdeni yapo Wete na makopo ya rangi yapo Mkoani. Utakatwa, utatazamwa, picha zitawekwa hapa.

#43 Fuawe_Saateni
Utakuja na boti ya kesho kwa jina lako la humu. Umefungwa kwenye kitambaa kikavu. Mwambie anayeupokea bandarini asiusugue kwa brashi.